Mto na Mchago: Historia ya Kuegemeza Kichwa Usingizini

Vyombo vya kulalia havijapata kuangaliwa sana na wachunguzi wa historia ya lugha, ijapokuwa mwanadamu hukaa juu yake karibu theluthi moja ya maisha yake. Katika Kiswahili, hata hivyo, kitanda kimehifadhi msamiati ulio mpana: yako matendegu yanayokisimamisha, mifumbati ya ubavuni, na mchago, ambao ni upande wa kichwani. Juu yake hutandikwa godoro na shuka, na mwisho huwekwa mto uliovikwa foronya. Maneno hayo hayakufika kwa njia moja wala kwa wakati mmoja. Makala haya yahusu sehemu moja tu ya vyombo hivyo, yaani kile kinachowekwa chini ya kichwa, na yaulizia jambo lenye pande mbili: chombo hicho kiliitwaje, na kiliisaidia shingo kiasi gani?

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kukumbuka umbo la shingo yenyewe. Shingo ya binadamu ina pingili 7, nazo hazikupangwa wima kama nguzo, bali zimepinda kidogo kuelekea mbele. Mtu akilala chali, kazi ya mto ni kuziba uwazi ulioko chini ya ukosi pasipo kukisukuma kichwa mbele. Kwa hiyo mto mfupi humtosha. Akilala ubavu, bega lake humwinua, na kichwa huning'inia. Hapo kimo cha mto hakina budi kukaribia upana wa bega. Akilala kifudifudi, shingo hugeuzwa upande mmoja usiku kucha, na mto mrefu humzidishia taabu. Tena hutegemea kilalio. Juu ya ardhi ngumu bega halizami, kwa hiyo kichwa chahitaji kuinuliwa zaidi. Juu ya kitanda cha kamba kilicholegea, mwili huzama, na mto uliofaa chini huwa mrefu kupita kiasi. Mambo haya machache yatosha kueleza mengi ya yale yafuatayo.

Ushahidi ulio bora wa zamani hutoka Misri. Wamisri wa kale walilaza vichwa vyao juu ya kiegemeo kigumu cha mti, jiwe au pembe za ndovu, chenye kitako chini, nguzo katikati, na juu bakuli lililopinda kama mwezi mwandamo. Katika lugha yao kiliitwa kwa konsonanti tatu, w-r-s, ambazo wataalamu huzitamka «weres» kwa urahisi, na picha yake imo miongoni mwa alama za maandishi yao. Katika makaburi ya zama za kale maiti wengi wamekutwa wamelazwa ubavu, na kiegemeo kimewekwa chini ya kichwa. Jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu laonyesha kwamba chombo kinachodhaniwa na wageni kuwa ni adhabu kilikuwa na kimo cha kumfaa mtu alalaye ubavu mahali pagumu. Kaburi la Tutankhamun, lililovumbuliwa na Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na viegemeo kadha wa kadha. Kimoja cha pembe chamwonyesha Shu, mungu wa hewa, akiubeba mhimili wa kichwa kati ya simba wawili. Hata maiti mwenyewe aliwekewa kidude kidogo cha chuma chenye umbo hilo nyuma ya kichwa chake. Na katika Kitabu cha Wafu, sura ya 166 ni ya kiegemeo cha kichwa, kusudi lake kumwinua marehemu asipotewe na kichwa chake. Basi kwa Wamisri kuegemeza shingo hakukuwa jambo la raha tu. Kulihusiana na uzima na kufufuka.

Upande wa kusini, Washona wa Zimbabwe wana chombo cha mti cha namna hiyo, nao hukiita mutsago, wingi wake mitsago. Kilikuwa mali ya wanaume watu wazima, na ndoto za aliyekilalia zilihesabiwa kuwa njia ya kukutana na wazee waliokwisha kufa. Mwenye nacho akifariki, mara nyingine alizikwa nacho, au kilirithiwa na jamaa zake. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba mutsago wa Kishona umefanana sana na mchago wa Kiswahili. Ngeli ni ile ile, ya mu- na mi-, na maana ziko jirani: Mshona ataja kitu kinachobeba kichwa, Mswahili ataja mahali pa kitanda ambapo kichwa hukaa. Katika Kinyarwanda mto huitwa umusego, na s ya lugha hiyo yaweza kupatana na ch ya Kiswahili, kama katika guseka na kucheka.

Hata hivyo, mchunguzi hapaswi kukimbilia kukata shauri. Kishona nacho husema kuseka, kwa hiyo ts ya mutsago haifuati njia hiyo moja kwa moja. Na irabu e ya umusego haipatani na a ya mchago. Neno lililotembea kutoka lugha hata lugha pamoja na chombo chenyewe laweza kuacha alama za namna hiyo, kwa kuwa vyombo huuzwa na kuigwa, na jina hufuatana na mali. Lakini sauti, ngeli na maana zikikutana kwa pamoja, ni vigumu kuyaita yote hayo bahati tupu. Tena, kwa kuwa majirani wawili hulitumia neno kwa kitu chenyewe, yaelekea kwamba maana ya kitu ndiyo iliyotangulia, na maana ya mahali ikafuata: upande wa mchago ukawa mchago wenyewe. Mabadiliko ya aina hii si mageni katika Kiswahili. Baraza, ambalo ni jina la kikao kilichojengwa mbele ya nyumba, limekuwa pia jina la watu wakutanao kushauriana.

Kama hoja hiyo ni sahihi, kuna kitu kilichoondoka pwani na kuacha jina lake nyuma. Kilichoshika nafasi yake ni mto, mfuko ulioshindiliwa kitu laini. Wengine huenda wakadhani kwamba mto, kwa kuwa ni starehe ya mjini, ni lazima uwe na jina la kigeni. Sivyo. Waganda, walio mbali na pwani, husema omutto, na hilo laonyesha kuwa neno ni la Kibantu. Yaliyo ya kigeni ni yale yaliyouzunguka mto. Foronya ni fronha ya Kireno, neno lililobaki pwani pamoja na meza na kasha baada ya Wareno kuondolewa Mombasa mwaka 1698. Pamba yatokana na Kiajemi. Sufi, ambayo kwa Waarabu ni manyoya ya kondoo, pwani ikawa pia jina la nyuzi nyepesi za tunda la msufi. Takia nalo lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya kitu cha kuegemea, na India neno hilo hilo limekuwa jina la mto wa kulalia.

Tofauti ya mto na takia yastahili kuangaliwa, kwa sababu Kiswahili kimehifadhi kwa maneno mawili tofauti ambayo shingo nayo huijua. Takia ni kubwa na gumu. Limetengenezwa kwa mtu aliyekaa, apate kuegemeza kiwiko au mgongo. Mto ni wa kichwa. Alalaye juu ya takia huikabidhi shingo yake chombo kilichopimwa kwa ajili ya kiwiko. Na kilichomo ndani kina neno lake pia: pamba hushikamana na kuwa mabonge kadiri inavyolaliwa, ndiyo maana hutolewa ikachambuliwa na kuanikwa, hali sufi ni nyepesi zaidi.

Lakini kimo cha kiegemeo hakikuamuliwa daima na shingo. Kwa Waturkana wa kaskazini ya Kenya, ekicholong ni kigoda na kiegemeo kwa pamoja. Mchungaji hutembea nacho mkononi, na usiku kililinda nywele zilizotengenezwa kwa udongo na kupambwa kwa manyoya ya ndege. Wasomali nao wana barkin yao ya mti. Katika nchi kama hizo nywele zilitangaza umri na cheo cha mtu, na kuzivunja usiku mmoja kulikuwa ni kupoteza kazi ya siku nyingi. Shingo ilitumikia kichwa.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Japani. Huko, katika karne ya 17 hata ya 19, nywele zilizofungwa juu ziliwafanya watu kulalia mito mirefu na migumu, na mirefu zaidi ilinasibishwa na mabwana wakubwa. Wajapani wa zama hizo hawakuwa wajinga wa madhara yake. Walikuwa na msemo uliopima jambo hilo kwa sun, kipimo cha karibu sentimeta 3: mto wa sun tatu huleta umri mrefu, wa sun nne huleta raha. Amri ya mwaka 1871 iliruhusu wanaume kukata nywele zao za kufunga, na kwa kadiri mitindo ile ilivyotoweka, mito mirefu nayo ilipoteza sababu yake.

Msemo huo ulipata mtetezi asiyetazamiwa. Mwaka 2024 madaktari wa kituo cha taifa cha maradhi ya moyo na ubongo, karibu na Osaka, walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 53 waliochanika ukuta wa ateri ya pingili za shingo pasipo kupigwa wala kuanguka. Ateri hiyo hupita katika matundu ya pingili ikielekea kwenye ubongo, na kuchanika kwake ni sababu mojawapo ya kiharusi kwa watu wasio wazee. Wagonjwa hao walilinganishwa na wengine 53 wenye maradhi mengine. Waliolalia mito ya sentimeta 12 au zaidi walikuwa asilimia 34 ya wagonjwa, na asilimia 15 tu ya wenzao. Kwa mito ya sentimeta 15 na kuendelea, asilimia 17 kwa 1.9. Uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi mto ulipokuwa mgumu. Idadi ya watu ni ndogo, na kukutana kwa mambo mawili si hakika kwamba moja limezaa lingine. Lakini sun nne za msemo ni zile sentimeta 12 za madaktari, na wala hakuna aliyeazima kipimo cha mwenziwe.

Haifuati kwamba Wamisri, Washona na Waturkana walikosea. Kiegemeo chao kilimfaa alalaye ubavu juu ya ardhi ngumu. Mashaka huanza pale kimo kile kinapohamishiwa kwa alalaye chali juu ya godoro laini. Chombo hakihukumiwi mbali na kilalio chake, kama vile neno lisivyohukumiwa mbali na sentensi yake. Kiswahili kimeuweka ushahidi wa safari yote hiyo katika maneno machache: mchago wakumbusha kigogo kilichoondoka, foronya yawataja waliokuja na kwenda zao, na takia lasimama kando ya mto kuonyesha kuwa kuegemea na kulala ni mambo mawili. Wakusanyaji wa msamiati watafanya vema wakiuliza si jina la mto tu, bali pia kimo chake, kilichomo ndani yake, na namna wenyewe wanavyoulalia. Kwa kuwa kamusi isemayo tu kwamba mto ni kitu cha kuwekea kichwa imeisahau shingo.