Rangi Isiyobaki Mfupani

Tangu zamani watu wa mwambao wametenga majina mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Marijani ni kito chekundu kilichokuja na biashara kutoka bahari ya Mediterania, kikavaliwa shingoni na kusifiwa katika mashairi. Tumbawe ni jiwe la baharini, la kujengea. Mgawanyo huo una ukweli wa kimaumbile: wekundu wa marijani umo mfupani, hivyo haupotei mnyama afapo, rangi ya tumbawe imo nyamani tu, na likitolewa majini haichukui siku nyingi kutoweka.

Weupe unaobaki ndio walioutaka mafundi. Kwa mihrabu walikata matumbawe ya mviringo aina ya Porites yangali mabichi na laini, wakayachonga kabla hayajakauka. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, ni shahidi wa ufundi huo. Acropora, lenye matawi mithili ya pembe za paa, halikufaa kuchongwa.

Wataalamu wa Ulaya nao walichukua mifupa. Ortmann aliandika juu ya miamba ya Dar es Salaam mwaka 1892; Crossland alikusanya viumbe wa bahari ya Zanzibar mwaka 1901 na 1902. Kilichotazamwa makabatini ni umbo la vikombe vidogo anamoishi mnyama, na majina yalitokana na umbo hilo. Dana aliliita tumbawe la Fiji Madrepora tenuis mwaka 1846, ambalo sasa huitwa Acropora tenuis. Baadaye jina hilo likabandikwa hata matumbawe ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba jina moja lilifunika spishi kadhaa. Mvuvi aliyelijua tumbawe kwa rangi na kina chake hakuwa nyuma sana ya kabati la makumbusho.

Ajabu ni kwamba suala la rangi lilirudishwa na wafugaji wa majumbani. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 namna ya kufuga viumbe wa mwambani katika tangi la kioo, na katika miaka ya 1980 Dietrich Stüber wa Berlin alilikuza Acropora, akawagawia wenzake vipande. Wao ndio waliohangaika kujua kwa nini tumbawe la buluu hugeuka kahawia. Jibu liko katika viumbe vidogo mno wa jamii ya mwani waishio nyamani mwake: naitreti na fosfeti zikizidi majini, huongezeka na kufunika rangi zake lenyewe, ambazo ni protini. Chakula kikipungua mno, nalo hupauka.

Yale ya maji ya kina yana tabia yake. Mwanga mwekundu humezwa katika mita chache za juu. Chini hubaki buluu. Huko matawi huwa membamba, mara nyingi yametandaa kupokea mwanga haba, na nyama huonekana laini. Mengine huupokea mwanga wa buluu na kuurudisha wa kijani. Likiwekwa ghafla chini ya taa kali huungua. Sharti lizoeshwe polepole, chini ya taa ya buluu na mkondo wa kutosha. Mfugaji akitaka jina la hakika, rangi haimtoshi: hubadilika na taa. Hana budi kutazama vikombe, na kujua kipande kilitoka bahari gani na kina gani.

Kuna jambo zito zaidi. Tumbawe linalopoteza mwani wake kwa joto mara nyingine hung'aa kwa rangi zake lenyewe kabla ya kufa. Mpenzi wa rangi asiyejua hilo anaweza kushangilia maradhi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, Acropora la Tutia, kusini mwa Mafia, lilipauka na sehemu kubwa ikafa. Chumbe, iliyohifadhiwa na Serikali ya Zanzibar tangu 1994, ilipata nafuu kuliko hiyo. Tutia palibaki matawi meupe, na haukupita muda yakafunikwa na mwani, yakaanza kuvunjika.