Mwanagenzi wa kuunda tovuti achague programu gani?

KIJANA wa Ogembo anayetaka kujifunza kuunda tovuti aghalabu huanza kwa kuuliza jina la programu. Jirani humwambia atafute Dreamweaver, mwenye saiba humshauri atumie WordPress, naye binamu aliye Nairobi husisitiza kwamba siku hizi mtu huweza kujenga tovuti nzima mtandaoni kwa kubofyabofya tu. Wote watatu wana ukweli kiasi. Hata hivyo, kabla ya kuulizia wepesi au umaarufu wa programu yoyote, mwanagenzi anafaa kujiuliza hivi: siku programu hii itakapofifia, au siku nitakaposhindwa kuilipia, nitabaki na nini mkononi?

Nimeliona jambo hili kwa karibu. Kikundi kimoja cha wachongaji mawe ambacho nilikihariria maelezo ya bidhaa zake kilijengewa tovuti ya kupendeza na kijana mmoja. Picha zilipangwa vizuri, bei zikaandikwa, na wanunuzi wakaanza kupiga simu. Kijana huyo alitumia huduma inayolipiwa kila mwezi, akaisajili kwa barua pepe yake mwenyewe na kuilipia kwa kadi yake ya benki. Alipopata kazi mbali na nyumbani, malipo yalikatika na tovuti ikazimwa. Kikundi hakikuwa na nywila wala nakala, na anwani iliyochapishwa kwenye kadi zao za biashara haikumfikisha mtu popote. Maneno yaliponea kwa kuwa nilikuwa nayo kwenye tarakilishi yangu. Picha hazikupatikana tena.

Ili kuelewa kilichowakumba, ni vyema kujua ukurasa wa wavuti ni kitu gani. Ukurasa huo ni faili ya maandishi ya kawaida, iliyotiwa alama zinazokieleza kivinjari kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, na hapa pana picha. Lugha ya alama hizo ni HTML, iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mnamo Aprili 30, 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni ya watu wote, bila ada. Rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio hushughulikiwa na lugha nyingine, CSS. Kurasa za HTML zilizoandikwa katika miaka ya 1990 zingali zinasomeka katika vivinjari vya leo.

Programu zilizotumiwa kuziandika ni hadithi nyingine. Waliojifunza kazi hii nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataikumbuka FrontPage, ambayo Microsoft iliipata ilipoinunua kampuni ya Vermeer mwaka wa 1996. Ilifanana na Word, na mtu aliyejua kuchapa barua aliweza kutoa ukurasa siku hiyo hiyo. Toleo lake la mwisho lilikuwa la 2003. Waliokuwa wameandika kurasa sahili hawakupata hasara kubwa, lakini waliotegemea fomu na vihesabio vyake maalumu, ambavyo vilihitaji seva zilizowekewa viungo vya FrontPage, walijikuta na tovuti zenye vitufe visivyofanya kazi. Mrithi wake, Expression Web, alikoma kuendelezwa mwaka wa 2012. Nvu, iliyotolewa bure mwaka wa 2005, ilirithiwa na KompoZer, nayo KompoZer haijafanyiwa kazi ya maana kwa miaka mingi. Muse ya Adobe haipo tena. Teknolojia ya Flash, ambayo wengi walijifunza kwa jasho ili kupamba kurasa zao kwa michoro inayosogea, ilikomeshwa na Adobe mwishoni mwa mwaka wa 2020. Hata Atom, kihariri kilichopendwa sana na vijana, kilifungwa Desemba 2022.

Dreamweaver ingali hai. Ilitolewa na Macromedia mwaka wa 1997, ikaangukia mikononi mwa Adobe mwaka wa 2005, na tangu 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa kulipia kodi tu. Ni programu nzuri, lakini kwa anayeanza, malipo ya kila mwezi kwa sarafu ya kigeni ni mzigo usio na sababu. Nakala za wizi zinazopitishwa kwa diski za mkononi nazo ni za kuepukwa. Mbali na kuvunja sheria, nyingi hubeba virusi, na mtu hupoteza kazi zake zote kwa kukwepa gharama ambayo hakuihitaji tangu mwanzo.

Kwa nini hakuihitaji? Kwa sababu kihariri cha maandishi kinatosha. Notepad tayari imo katika kila tarakilishi ya Windows. Notepad++, iliyoanza mwaka wa 2003, ni ya bure na nyepesi mno, nayo huzitia alama rangi ili makosa yaonekane upesi. Visual Studio Code, ambayo Microsoft ilianza kuitoa mwaka wa 2015, pia ni ya bure na ina uwezo mkubwa zaidi, ingawa kwenye mashine kuukuu huenda ikajikokota. Ushauri wangu kwa mwenye kompyuta ya mitumba ni aanze na Notepad++.

Zoezi la kwanza halihitaji hata intaneti, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu. Fungua folda mpya. Andika faili, uihifadhi kwa jina index.html, kisha uifungue kwa kivinjari. Weka kichwa kimoja kwa alama ya h1, aya mbili kwa alama ya p, na picha moja kwa alama ya img. Badilisha neno, hifadhi, fungua upya. Stima ikipotea kabla hujahifadhi, utapoteza mistari michache, nayo ni rahisi kuiandika tena. Mtu akifanya hivi jioni kwa jioni kwa majuma manne au matano, akiongeza CSS kidogo kidogo, atakuwa ameelewa jambo ambalo wabofyaji wengi hawalielewi: kile kinachotendeka nyuma ya kioo.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Zipo programu za bure za kuandikia msimbo kwenye simu za Android. Kuchapa alama kwa kidole gumba kunachosha, lakini inawezekana, na faili zake zinaweza kuhamishiwa kwenye mashine ya saiba baadaye.

Baada ya hapo ndipo WordPress inapopata maana. Ilizinduliwa Mei 2003 na Matt Mullenweg pamoja na Mike Little, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani huendeshwa nayo. Inafaa pale ambapo mwenye tovuti atataka kuongeza habari mwenyewe bila kumwita fundi: shule inayotangaza mikutano ya wazazi, mathalani, au kanisa linalotoa ratiba ya ibada. Sharti mwanagenzi atofautishe mambo mawili yanayobeba jina hilo moja. WordPress.com ni huduma ya kampuni inayokuhifadhia tovuti. Programu inayopakuliwa kutoka WordPress.org ni yako, uiweke kwenye seva yoyote inayokubali, na ukikosana na mwenye seva, uihamishe. Ukiwa na XAMPP unaweza kuifanyia mazoezi kwenye kompyuta yako bila kulipa chochote. Ubaya wake ni kwamba hudai uangalizi. Isiposasishwa, wavamizi huingia, hasa kupitia programu-jalizi zilizopachikwa ovyo.

Huduma za kubofya, kama vile Wix, ni za haraka na hupendeza macho. Kwa harusi ya mwezi ujao, sina pingamizi. Lakini Wix yenyewe hueleza kwamba tovuti iliyojengwa kwake haiwezi kuhamishwa ikafanya kazi kwenye seva nyingine. Anayeijenga humo sharti alijue hilo kabla ya kuanza, si baada ya miaka mitatu. Walioweka kurasa zao GeoCities walilijua kwa kuchelewa, Yahoo ilipoifunga huduma hiyo mwaka wa 2009.

Akili mnemba nayo sasa huandika msimbo kwa kuombwa tu. Itumie kama ungemtumia mwalimu mwenye haraka. Asiyeweza kuusoma msimbo aliopewa hawezi kuurekebisha unapokwama mbele ya mteja.

Jambo la picha lahitaji kutiliwa mkazo, kwani ndiko wanagenzi wengi hukosea. Mchongaji wa Tabaka akipiga picha ya kinyago kwa simu yake, faili moja huweza kufika megabaiti 4. Kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja zitamla bando mgeni wa watu kabla hajaiona hata moja. Zipunguze kwa GIMP, ambayo ni ya bure, hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, na kila moja itashuka chini ya kilobaiti 300 bila kuharibika kwa jicho la kawaida. Ukimaliza, ijaribu tovuti kwenye simu ya bei nafuu. Wateja wengi watakuja kwa njia hiyo.

Linalobaki ni anwani. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC na kuuzwa na kampuni zilizoidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, nazo shule .sc.ke. Lisajili jina hilo kwa barua pepe ya mwenye tovuti, wala si yako wewe fundi, hata akikuambia hana haja. Siku ya kukabidhi kazi, mpe karatasi yenye nywila zote na tarehe ya kulipia tena, pamoja na diski yenye folda nzima: kurasa, picha na maandishi. Aihifadhi pale anapoweka hati yake ya shamba.