Walioimba Ng'ambo Kabla Yetu



Neno jubilei liliwahi kuwa jina la kwaya. Oktoba 1871, wanafunzi tisa wa Chuo cha Fisk, Nashville, Marekani, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walisafiri kuimba ili wakiokoe chuo chao kilichozama kwenye madeni. Kiongozi wao, George White, aliwaita Jubilee Singers akikumbuka Walawi 25, mwaka wa hamsini ambao watumwa huachiliwa huru. Wakiwa bado wahitaji, walitoa pato la tamasha lao kule Cincinnati kwa wahanga wa moto wa Chicago. Mwaka 1873 walimwimbia Malkia Victoria. Fedha za safari zao zilijenga Jubilee Hall, jengo ambalo bado limesimama.

Mwaka 1890 Orpheus McAdoo, Mmarekani mweusi, alileta kwaya yake Afrika Kusini na kuimba nyimbo za namna hiyo. Mwaka uliofuata, vijana wa huko nao wakaenda Uingereza kwa jina la African Choir, wakitafuta fedha za shule ya ufundi. Nao walimwimbia Malkia. Lakini jukwaani walivishwa ngozi, ingawa baadhi yao walikuwa walimu waliovaa suti na gauni kwao. Fedha zilishikwa na mameneja, na ziara ikaishia kwenye hasara na ugomvi.

Katika ziara iliyofuata ya Amerika, waimbaji waliachwa Ohio bila nauli ya kurudi. Ndugu wa kanisa la AME ndio waliowapokea. Mmoja wao, Charlotte Manye, alipata nafasi Chuo Kikuu cha Wilberforce, akahitimu shahada ya sayansi. Barua zake kwa jamaa zake zilisaidia kuliunganisha Kanisa la Kiethiopia la Afrika Kusini na AME mwaka 1896. Aliporudi, yeye na mumewe, Marshall Maxeke, walianzisha shule.

Sauti zao zote zilikuwa nzuri. Fisk waliimba kwa ajili ya chuo chao wenyewe, na kile walichopata kilirudi nyumbani. Wenzao walitegemea ahadi za wageni. Basi mwaliko wa ng'ambo ukitufikia, tuupokee kwa shukrani, tukiuliza mapema: nani analipa nauli ya kurudi, nani anashika hesabu, na tutavaa nini? Maswali hayo si kukosa imani. Ni kuitunza karama tuliyopewa.

Bwana aibariki kwaya yetu.