Kidhibiti mtelezo kinachofanya kazi ovyo katika pikapu

Kidhibiti mtelezo ni mfumo wa kielektroniki unaozuia magurudumu yanayosukuma gari yasizunguke bure barabara inapoteleza. Katika dashibodi hutambulika kwa herufi TRC au TCS, au kwa taa ya manjano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Makala hii inahusu hitilafu moja tu: mfumo huo kufanya kazi pasipo na utelezi. Taa humweta, injini hupoteza nguvu ingawa dereva amekanyaga mafuta, na pengine gurudumu moja hushikwa breki peke yake.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania jambo hili si dogo. Pikapu iliyobeba viazi kutoka milima ya Uporoto au mbao kutoka Mufindi ikikatika nguvu katikati ya mlima wa Kitonga, mashariki mwa Iringa, ina malori nyuma yake na haina nafasi ya kusogea pembeni.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza breki za ABS za kielektroniki kwa ajili ya magari mwaka 1978, na mwaka 1986 ikatoa kidhibiti mtelezo kinachotumia vifaa vilevile. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko. Kompyuta haioni barabara. Inalinganisha kasi za magurudumu manne. Gurudumu la nyuma likionekana kuzunguka haraka kuliko mengine, kompyuta huamua kwamba linateleza, hupunguza nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu hilo. Kwa hiyo chochote kinachofanya gurudumu moja lionekane lina kasi ya peke yake kinaweza kuamsha mfumo, hata kwenye lami kavu na iliyonyooka.

Kuanza na tairi

Wenye magari wengi hukimbilia kununua sensa. Ni kosa, kwa kuwa sababu rahisi kuliko zote huonekana kwa macho: tairi zisizolingana. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ya 245/65R17 ina milimita 750 hivi. Zote mbili huingia kwenye rimu ya inchi 17, na mtu aliyepata pancha njiani hufunga yoyote aliyonayo. Lakini tairi kubwa ikienda kilomita 60 kwa saa, ndogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi, na kompyuta huisoma kama kilomita 62 hivi kwa saa. Tairi mpya kando ya tairi kipara nayo huleta tofauti, ingawa ndogo zaidi, na upepo uliopungua upande mmoja huongezea.

Soma namba za ubavuni mwa tairi zote nne, kisha pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Ukiwa na mashaka, hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Tabia ya gari ikibadilika, tatizo lipo kwenye tairi.

Sensa, beringi na waya

Hapa ndipo penye kazi. Sensa hukaa karibu na habu, mahali panaporukiwa na tope na mawe. Aina ya zamani husoma meno ya pete ya chuma. Pete ikipasuka au ikishika kutu, au beringi ikilegea hadi nafasi kati yake na sensa ikawa kubwa, mawimbi ya umeme hudhoofika, hasa gari likienda polepole. Aina mpya husoma pete ya sumaku, nayo hunasa vumbi la chuma linalotoka kwenye breki.

Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, kisha litikise kwa mikono miwili, juu na chini. Likicheza, kagua beringi kabla ya kulaumu sensa. Fuata waya wake hadi kwenye fremu ukitafuta palipochubuka. Kipimo cha omu hufaa kwa sensa ya zamani tu. Kwa ile mpya hakitoi jibu na kinaweza kuiharibu.

Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atazame kasi za magurudumu manne gari likitembea, huku mtu mwingine akiendesha. Gurudumu linaloruka hadi sifuri au linalozidi wenzake ndilo lenye kasoro. Katika magari mengi ya Toyota, namba C0200 huelekeza mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto.

Taa ikimweta kwenye kona tu, hasa baada ya alaimenti, shuku sensa ya usukani. Kwa kawaida hurekebishwa kwa kuirudisha sifuri kwa mashine, bila kununua kitu.

Pale ambapo si hitilafu

Pikapu tupu ina nyuma nyepesi na springi ngumu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo, magurudumu ya nyuma huruka na kuzunguka hewani, na mfumo unafanya kazi yake kwa haki. Shokapu zilizochoka huzidisha hali hiyo. Kwenye tope la kupanda Kitulo miezi ya mvua, mfumo unaweza kukata nguvu wakati ule ule dereva anapoihitaji. Hapo ni halali kubonyeza kitufe cha kuuzima, na kuuwasha tena ukifika lami.

Kuchomoa fyuzi ni jambo jingine kabisa. Taa ya mtelezo haitamweta tena, lakini fyuzi hiyo mara nyingi huhudumia ABS pia, na pamoja nayo mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma. Pikapu tupu inayoshuka Mlima Nyoka karibu na Uyole wakati wa mvua, ikikanyagwa breki kwa nguvu, huweza kufunga magurudumu ya nyuma kwanza na kugeuka ubavu barabarani.