Garissa Haina Mizabibu

Mtu akikuambia anasafiri kwenda kuonja mvinyo, moja kwa moja unawaza Ufaransa, Italia, au Stellenbosch kule Afrika Kusini. Wa huku kwetu akiwa na pesa kidogo atakutajia Naivasha, nyumbani kwa mvinyo wa Leleshwa, au atapanda basi hadi Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu pale Bihawana katika miaka ya 1950, na ambako siku hizi zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Garissa haitajwi. Haina mizabibu, jua lake ni la kuchoma, na wakazi wake wengi mno ni Waislamu wasiogusa pombe. Ukiulizia chupa pale sokoni utaangaliwa tu, kwa huruma.

Lakini hebu tuwasikilize waonjaji wenyewe. Wanapoinua glasi, wakaizungusha, wakanusa na kufumba macho, hawazungumzii ulevi. Wanazungumzia udongo, mvua ya mwaka ule, mteremko wa kilima, mti uliotengenezewa pipa. Wafaransa wana neno moja la mambo hayo yote, terroir, yaani kinywaji kubeba mahali kilikotoka. Kwa kipimo hicho Kenya ina eneo kubwa la kuonja ambalo hakuna kampuni ya utalii iliyoliweka kwenye ramani. Kinywaji chenyewe ni maziwa ya ngamia. Nimeyanywa safarini Garissa, Modogashe na Wajir, kwa makini yaleyale ambayo wenzangu wa Nairobi huyaweka kwenye glasi ya mvinyo mwekundu siku ya Jumamosi.

Utaratibu ni rahisi. Asubuhi unawakuta akina mama wamekaa nyuma ya mitungi ya plastiki, ile ya njano iliyokuja mjini na mafuta ya kupikia. Unatoa salamu kamili, si ile "sasa" ya mtaani. Mama anaitikia, anakuuliza umetoka wapi na kama watu wa nyumbani wazima, halafu anafungua mtungi na kukumiminia kidogo kwenye kikombe.

"Onja kwanza, mwanangu. Haya ni ya leo. Yale ni ya jana."

Ya leo ni mepesi kuliko ya ng'ombe, meupe kabisa, yana povu juu. Yanaanza na utamu na kuishia na chumvi, chumvi ndogo inayobaki pembeni mwa ulimi. Nikasogea kwa muuzaji wa pili, hatua tano tu, nikakuta chumvi imezidi. Nilidhani kuna mtu ametia mkono. Kumbe swali la kuuliza ni moja: wamelisha wapi? Ngamia waliokuwa kwenye majani mabichi baada ya mvua hutoa maziwa ya namna yake; waliokula vichaka vya chumvi hutoa mengine. Watafiti wamethibitisha pia jambo la kushangaza: ngamia aliyekosa maji ya kunywa hutoa maziwa yenye maji mengi zaidi, kana kwamba mwili wake umeamua ndama asife kiu. Kwa hiyo ukiwa na ulimi uliozoea, kikombe kimoja kinakwambia kama kule malishoni mvua imenyesha au la. Sijui mvinyo gani unaweza kukupa habari za wiki iliyopita.

Halafu kuna moshi. Zamani maziwa yaliwekwa kwenye dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za miti hadi kikashika maji, na kabla ya kutiwa maziwa kilifukizwa kwa kijinga cha mti uliochaguliwa. Si kila mti unafaa. Mmoja unaachia harufu kali, mwingine unatuliza, na kila familia ina upendeleo wake na haiko tayari kubishana. Moshi huo si urembo. Unaua vijidudu vingi, na katika nchi isiyokuwa na friji huo ndio unaoyapa maziwa siku ya ziada. Leo mtungi wa plastiki nao hufukizwa vilevile. Maziwa yakikaa humo siku moja au mbili bila kuchemshwa yanageuka suusac, binamu wa mala yetu, ila hayagandi mabonge. Yanabaki ya kumiminika, makali, na moshi wake unapanda puani. Mara ya kwanza nilikunja uso. Mara ya tatu niliagiza kikombe cha pili.

Ladha hii ina umri. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alipita pwani ya Wasomali karibu mwaka 1331. Zeila ilimshinda: uvundo wa samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ulimfanya aone heri kulala chomboni. Mogadishu ilimpendeza zaidi. Aliandika kwamba watu wake wana ngamia wengi na huchinja mamia kila siku, na kwamba aliletewa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa yaliyoganda pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na embe. Hakusema maziwa yale ni ya mnyama gani, nami simsingizii. Ila msafiri aliyekuja kuonja, akaketishwa, akapewa mtindi: desturi hiyo bado ipo.

Sasa swali linalonisumbua. Kwa nini Bordeaux ina barabara zilizochorwa kwa ajili ya waonjaji, na Garissa ina vizuizi vya polisi? Jibu rahisi ni kwamba huku ni jangwa na kule ni bustani. Jibu hilo silikubali. Eneo la mvinyo halitengenezwi na udongo peke yake. Linatengenezwa na serikali inayotambua kinywaji, ikakipa jina, ikaweka sheria ya kukilinda, ikajenga njia ya kumfikisha mgeni. Kaskazini mwa Kenya serikali ilifanya kazi kubwa pia, ila kwa upande wa kinyume.

Mwaka 1902 wakoloni wa Kiingereza walipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, na chini ya sheria hiyo sehemu walizoziita Northern Frontier District zikafungwa. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maafisa uwezo wa kuamua nani alishe wapi. Mto Tana, ambao leo tunauvuka kwa daraja huku tukipiga picha, ulikuwa mpaka: Wasomali walitakiwa wabaki mashariki, ng'ambo ya magharibi ikahesabiwa ya Waorma na Wapokomo. Mifugo ya kaskazini iliwekewa karantini, na hofu ya magonjwa ikawa pia njia ya kuizuia isifike kwenye masoko ya walowezi.

Mwaka 1925 unastahili kukumbukwa. Mwaka huo walowezi wafugaji wa ng'ombe walianzisha KCC, na kuanzia hapo neno "maziwa" katika vitabu vya serikali likawa na maana moja: ya ng'ombe, ya nyanda za juu, ya chupa. Mwaka huohuo Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na malisho ambayo ngamia walikuwa wakiyazunguka bila kuuliza yakakatwa vipande viwili. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja. Ila ukiyaweka kwenye ukurasa mmoja unaona ni ng'ombe gani waliokuwa wakijengewa nchi, na ni ngamia gani waliokuwa wakiipoteza.

Uhuru haukubadilisha hilo. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilikuta Wasomali wengi wa eneo hilo wanataka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na vita ambavyo serikali iliviita vya shifta vikaanza. Wapiganaji walitembea na ngamia, kwa hiyo ngamia akawa mshukiwa. Majeshi yaliwapiga risasi na kuwakamata. Kuanzia mwaka 1966 watu walikusanywa kwenye manyatta zenye uzio, wakahesabiwa asubuhi na jioni. Sasa jiulize: mnyama anayehitaji kutembea kutwa akichagua vichaka utamfungiaje kijijini? Hutamfungia. Atakufa, au ataibiwa, au utamuuza kwa bei ya kutupa. Isiolo, ambako ngamia walihesabiwa kwa maelfu mwaka 1963, walibaki mamia tu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waborana wa huko wanakiita kipindi hicho Gaaf Daba, siku ambazo kila kitu kilisimama.

Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita kwenye karatasi. Hali ya hatari iliendelea hadi Novemba 1991. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, iliyaandika mateso ya miaka hiyo kwa kurasa nyingi. Watu wengi wanaisoma kama ripoti ya mauaji, na ni haki yao. Mimi naisoma pia kama historia ya chakula. Mtoto aliyekulia kwenye manyatta yenye uzio, bila ngamia, alijifunza kunywa chai ya rangi na kula unga wa msaada. Ladha haipotei kwa sababu watu wameichoka. Inapotea siku mnyama anapoanguka.

Katika miaka hiyohiyo ya hali ya hatari, mwaka 1979, Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo mashuleni. Muulize mzazi wako, atakueleza ile pakiti ya pembe tatu mpaka macho yang'ae. Ya ng'ombe, bila shaka.

Ajabu ni kwamba mwaka 1991 ulifungua mlango kutoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Serikali ya Somalia ilianguka, kambi za Dadaab zikaanza, na Eastleigh ikajaa watu waliotaka kinywaji cha nyumbani. Akina mama wa kaskazini wakawa tayari. Isiolo walijiunga, na chama cha ushirika cha wanawake cha Anolei kikajulikana kwa kupeleka maziwa ya ngamia Nairobi. Garissa nayo ina basi lake na barabara yake ya kupitia Mwingi na Thika: mitungi inapakiwa, simu inapigwa, mpokeaji anaingoja, na kesho mitungi mitupu inarudi kwa basi. Biashara nzima inasimama juu ya simu, kuaminiana na dereva asiyechelewa. Chelewa kidogo kwenye kizuizi na maziwa ya chai yamekuwa suusac.

Ukame nao umezidi kumpandisha cheo ngamia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ng'ombe wakafa hadi mizoga ikapangana kando ya barabara, lakini ngamia wengi waliendelea kukamuliwa. Familia zilizokuwa za ng'ombe tangu babu sasa zinanunua ngamia jike mmoja na kujifunza upya: anakamuliwa na watu wawili, kila mmoja upande wake, wamesimama mguu mmoja na chombo juu ya goti la mguu mwingine, haraka, maana ngamia akishateremsha maziwa hakupi zaidi ya dakika moja na nusu hivi. Nairobi nako duka kubwa linayauza kwenye chupa, na watu wa mazoezi wamesikia kwamba yana vitamini C karibu mara tatu ya ya ng'ombe. Hongera kwao. Ila ya chupa yamechemshwa na kusafishwa, chumvi imechanganywa ya ngamia mia, na moshi umekwenda. Ni kama mvinyo wa boksi. Unashuka, lakini haukuambii umetoka wapi.

Hapo ndipo mvutano wa sasa ulipo. Kanuni za maziwa zinataka madebe ya alumini au ya chuma, yanayosafishika mpaka ndani, si mitungi ya mafuta. Kiafya hoja hiyo ina nguvu, sitaibeza. Mtungi wenye shingo nyembamba hauoshiki vizuri, na maziwa yakiharibika njiani hasara ni ya mama, si ya afisa. Lakini debe ni ghali na zito, likipotea kwenye basi umepoteza mtaji wa wiki, na kwa wanunuzi wengi maziwa yasiyonukia moshi ni maziwa ambayo hayajatengenezwa.

Nilimuuliza mama mmoja pale Garissa kama aliwahi kupewa debe la alumini.

"Nilipewa," akasema. "Zuri sana."

"Liko wapi?"

"Nyumbani. Linaweka sukari."

Kisha akaufunga mtungi, akanipa chenji yangu, na kumgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye tayari alikuwa ameinama kunusa.