Mnyama Mdogo Katika Shina la Mti

Huko Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, pana magenge marefu ya mwamba karibu na kijiji cha Joggins. Maji ya Ghuba ya Fundy hujaa na kupwa kwa nguvu nyingi mno, nayo huyala magenge hayo mwaka hata mwaka. Mwamba uangukapo, huonekana mashina ya miti yaliyosimama wima, nayo yamekuwa jiwe.

Mwaka wa 1852 Charles Lyell wa Uingereza na William Dawson, mzaliwa wa Nova Scotia, walikuta mifupa midogo ndani ya shina moja. Dawson akazidi kutafuta, na mwaka wa 1860 akampa jina mnyama mwingine wa mashina hayo: Hylonomus lyelli. Hylonomus maana yake ni mkaa msituni. Lyelli ni kwa heshima ya rafiki yake.

Mnyama huyu alikuwa na umbo la mjusi, urefu wake pamoja na mkia yapata sentimeta 20, na meno madogo makali yafaayo kula wadudu. Aliishi yapata miaka milioni 315 iliyopita, zamani za misitu iliyofanyika makaa ya mawe. Mafuriko yalizifukia shina za miti kwa matope. Ndani zikaoza, gome likabaki kama mtungi. Wataalamu wengine husema wanyama walitumbukia humo wasiweze kutoka. Wengine husema waliingia kujificha. Vyo vyote vilivyokuwa, kaburi lao ndilo lililowahifadhi, maana mifupa myembamba hivyo huvunjika upesi ikiachwa wazi.

Basi ana maana gani kiumbe mdogo kama huyu? Chura, kwa desturi yake, hutaga majini; bali mjusi hutaga pakavu, kwa kuwa yai lake lina ngozi zinazozuia maji yasikauke. Hylonomus ni mmojawapo wa watambaazi wa kale kabisa wanaojulikana kwa mifupa yao. Mayai yake hayakuonekana, lakini mifupa yashuhudia kwamba ni wa jamaa hiyo, iliyoweza kuacha kando ya maji na kuenea nchi kavu.

Dawson alikuwa Mkristo na mwalimu, na tangu mwaka wa 1855 mkuu wa chuo cha McGill, Montreal. Aliyakataa mafundisho ya Darwin. Lakini alifundisha kwamba siku za Mwanzo ni vipindi virefu sana. Si wote wanaokubaliana naye. Walakini hakuona haya kusoma Biblia, wala hakuogopa kupasua jiwe. Vijana wetu wakituuliza habari za mambo haya, tusiwanyamazishe kwa hofu.