MJUE KISABENGO, MWENYE NGOME YA SIMBAMWENE (MOROGORO)

Wadau, wengi wetu tukishuka Msamvu tunaijua Moro kama "mji kasoro bahari", basi. Lakini zamani, chini ya milima ya Uluguru palikuwa na ngome ya mawe iliyowanyima usingizi watu wa misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara. Mwenye ngome hiyo aliitwa Kisabengo.

Kisabengo alikuwa Mzigua, mtu wa kawaida tu. Alichokuwa nacho ni nguvu na mdomo: akisema, watu wanamfuata. Waliomfuata hasa ni watumwa waliotoroka. Sultani wa Zanzibar akawa anamtafuta, naye akakimbilia Ukami. Huko akapigana mpaka Wakami wakamwachia eneo kubwa la bonde la mto Ngerengere. Hapo ndipo alipojenga mji wa Simbamwene, na uzeeni akajiita jina hilohilo.

Ila tusimpambe. Huyu kiongozi wa watoro naye alikuwa mtekaji wa watu. Zama hizo kila mkubwa alikuwa na vita vyake na jirani. Hata Ujerumani ya zama za kati ilikuwa hivyo: maaskofu walikuwa na ngome, askari na ushuru wao. Engelbert, askofu mkuu wa Köln, aliuawa mwaka 1225 katika shambulio lililoongozwa na jamaa yake.

BINTI ASHIKA USUKANI
Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo akimtafuta Livingstone. Kisabengo alishafariki, na kwa wosia wake mtawala alikuwa binti yake mkubwa, naye akiitwa Simbamwene. Stanley alikuta ukuta wa mawe, mnara kila pembe na milango minne ya mbao iliyochongwa. Alikadiria wakazi 3,000 hadi 5,000.

Mama hakuwa na mchezo kwenye hongo. Msafara mmoja wa Stanley ulishalipa, akadai tena, Stanley akagoma. Siku chache baadaye baadhi ya askari wa Stanley walijikuta wamefungiwa ndani ya ngome!

MTARO WAMALIZA MJI
Enzi za uhai wake Kisabengo alichimba mtaro kuusogeza mto karibu na ngome, na aliujivunia sana. Mwaka 1872 mvua kubwa ikanyesha, maji yakapita humohumo. Ukuta wa mbele ukaondoka na nyumba kama 50, mtawala akakimbia. Mji ambao maadui waliuogopa ukabomolewa na mtaro wa mwenyewe.

Lakini ukoo haukuisha. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Morogoro mwaka 1882, mkubwa wa hapo alikuwa Kingo, wa ukoo wa Kisabengo. Kwa hiyo ukipita kata ya Kingo, jina hilo lisikupite hivihivi.

Mwenye simulizi za wazee wake, hasa wa upande wa Wakami na Waluguru, amwage hapa tujifunze.